Julai ya Nairobi na Nyoka Waliosusia Chakula

Katikati ya Juni wingu la kijivu hushuka juu ya Nairobi na kukaa hapo hadi Agosti. Katika ghorofa za mtaa wa Nyayo Highrise, Kibera, masweta hutolewa masandukuni, madirisha yanayotazama bonde la bwawa la karibu hufungwa mapema, na watoto huenda shule wamejikunyata. Soko la Toi hutundika makoti ya mitumba mbele na fulana nyuma. Ukipanda matatu kuelekea Kawangware, pale Dagoretti Corner, utapita makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambako kituo cha vipimo kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Vipimo vya Julai havimshangazi mkazi yeyote wa mitaa hii: usiku nyuzi 11 au 12 za Selsiasi, mchana 21 au 22, na jua la kuhesabu saa. Siku nyingine halichomozi kabisa.

Binadamu huongeza blanketi. Nyoka hana cha kuongeza. Joto la mwili wake ni lile analolipata mahali alipo, na mahali pakipoa, naye hupoa. Ndiyo maana katika mji huu ulio karibu kabisa na ikweta, mji usioijua theluji, nyoka wanaofugwa husinzia na kususia chakula miezi ile ile ambayo wenyeji huiita ya baridi. Jambo hilo limewasumbua watunza nyoka wa Nairobi tangu walipoanza kuwaweka hai nyuma ya kioo, na namna walivyojifunza kuishi nalo ni sehemu ya historia ya jiji ambayo haijasimuliwa vya kutosha.

Ardhi yenyewe ya Nyayo Highrise ilikuwa ya nyoka kabla ya kuwa ya watu. Kibera yote ilikuwa msitu na vichaka pale serikali ya kikoloni ilipowaacha askari Wanubi wa King's African Rifles wajenge na kulima huko mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 eka 4,197 zikatangazwa kuwa eneo la jeshi. Mwaka 1953 bwawa likajengwa bondeni ili liwe akiba ya maji ya jiji. Baadaye mitaa ya nyumba ikaanza kuimega ile ardhi kipande baada ya kipande, na wakati wa utawala wa Moi Shirika la Nyumba la Taifa likapandisha ghorofa za Nyayo Highrise karibu na bwawa hilo. Leo bwawa limefunikwa na magugumaji, Mto Ngong unaliletea taka kutoka juu yake, na panya wamejaa. Panapo panya hapakosi nyoka.

Wanaoonekana zaidi ni wale wasio na madhara. Yupo nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, mwembamba, mpole, ambaye kazi yake ya usiku ni kuwinda panya kwenye kuta na mitaro. Yupo nyoka wa kijani wa kando ya vijito, ambaye watu humuua wakimdhania mamba wa kijani, nyoka mwenye sumu kali, ilhali yeye hana sumu ya kumdhuru mtu. Kifutu naye yupo kwenye nyasi za upande wa Lang'ata na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na huyo si wa kuchezewa. Yule wa kijani kitaalamu anaitwa Philothamnus battersbyi, jina alilopewa mwaka 1951 na Arthur Loveridge, na Loveridge ndiye mlango mzuri wa kuingilia historia hii.

Mwaka 1909 wapenzi wa elimu ya viumbe waliunda chama chao cha Afrika Mashariki na Uganda, na mwaka uliofuata wakaanzisha makumbusho madogo katikati ya mji, mahali ambapo sasa panasimama jengo la Nyayo House. Loveridge, kijana Mwingereza, aliletwa mwaka 1914 kuwa mtunzaji. Vita Kuu ikamchukua hadi eneo la Wajerumani, Tanganyika ya baadaye, na hata akiwa askari aliendelea kukusanya mijusi, vyura na nyoka. Mwaka 1924 alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akafanya kazi huko hadi 1957. Lakini nyoka wa Loveridge walikuwa wa chupani, wamelowekwa kwenye spiriti. Nyoka wa namna hiyo hupimwa urefu, huhesabiwa magamba, hufungiwa lebo ya mahali alipokamatwa, na kazi imekwisha. Aliye hai huleta maswali ya kila siku. La kwanza ni chakula.

Maswali hayo Waafrika walikuwa wamekwisha kuyajibu kwa njia yao, na ni kosa kuanza simulizi ya ufugaji wa nyoka kwa wageni peke yao. Kusini mwa Ziwa Victoria, Wasukuma walikuwa na chama cha Bayeye, chama cha siri cha watu wa nyoka. Mwanachama alifundishwa kukamata nyoka, kuwatunza, kujua dawa za kuumwa, na kucheza nao mbele ya watu. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika habari zao mwaka 1946, na hadi leo chatu hubebwa mabegani katika ngoma za Kisukuma, pale makundi hasimu ya Bagika na Bagalu yanaposhindana baada ya mavuno.

Baada ya mavuno maana yake ni Juni, Julai, Agosti: ghala zimejaa, mvua hakuna, usiku ni wa baridi. Mtu anayefuga chatu katika kaya ya mkulima hahitaji kumlisha kila siku. Chatu aliyemeza mbuzi mdogo anaweza kukaa majuma mengi bila kudai kitu. Bayeye hawakuwa na kipimajoto, lakini waliishi na mnyama huyo ndani ya hewa aliyozaliwa nayo, na hilo lilikuwa limemaliza nusu ya tatizo ambalo Nairobi ingekuja kulibeba baadaye.

Nusu nyingine ilianza na usafiri. Mtu aliyeujaza ulimwengu nyoka wa Afrika Mashariki ni Constantine Ionides, Mwingereza wa asili ya Kigiriki aliyezaliwa mwaka 1901, askari wa zamani na mwindaji haramu wa pembe za ndovu aliyegeuka kuwa afisa wanyamapori kusini mwa Tanganyika. Alipostaafu alikita kambi Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde. Wanavijiji walimwita Bwana Nyoka. Mtu akiona mamba wa kijani kwenye mwembe wake, alipeleka habari, na Ionides akaja na watu wake na koleo refu la kukamatia. Alikamata maelfu. Wengi walikuwa wale mamba wa kijani na vifutu wakubwa wa misituni wenye madoa kama majani makavu, na shehena zake zilikwenda kwenye bustani za wanyama za ng'ambo na kwenye Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, yaliyokuwa yamefunguliwa mwaka 1930 juu ya kilima ambacho leo kinaitwa Museum Hill.

Nyoka wa Newala anayepandishwa Nairobi mwezi wa saba amebadilishiwa dunia. Ametoka kwenye uwanda wa joto wa kusini akaingia kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hakuna baiskeli wala gari moshi ambalo lingeweza kumwandaa kwa hilo.

Mwaka 1961, kandokando ya makumbusho hayo, ikafunguliwa bustani ya nyoka. Nairobi ikapata mahali pa kumwona chatu, fira na kifutu wakiwa hai. Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi wa Kenya wameshushwa mabasini pale, wakapangwa mstari, wakabandika pua kwenye kioo, na wengi wao wakaondoka na swali moja: mbona hajongei? Anayeuliza hivyo mwezi wa Julai anastahili jibu kamili, kwa kuwa jibu hilo linagusa kila kitu anachokifanya nyoka.

Wataalamu wenyewe walichelewa kulipata. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mnyama wa damu baridi huchukua tu joto la hewa, basi. Mwaka 1944 Wamarekani wawili, Raymond Cowles na Charles Bogert, walichapisha vipimo vyao vya mijusi na nyoka wa jangwani, wakaonyesha kwamba wanyama hawa wana joto wanalolitaka na hulifanyia kazi. Huota jua asubuhi, huingia kivulini adhuhuri, hulala juu ya jiwe lililobaki na moto wa mchana, hubadilisha mahali mara kadhaa kwa siku ili mwili ubaki pale pale wanapoupenda. Cowles, kwa bahati, alikuwa amezaliwa Natal, Afrika Kusini, katika familia ya wamisionari, na Afrika ilikuwa shule yake ya kwanza ya viumbe.

Maana ya ugunduzi huo kwa mfugaji ni nzito. Tangi la kioo lenye joto la aina moja kila kona limemnyang'anya nyoka kile anachokitegemea kuliko chakula, yaani uwezo wa kuchagua. Porini, hata katika Julai ya Nairobi, kifutu anaweza kungoja dakika arobaini za jua na kuzitumia zote. Ndani ya boksi lililo kwenye sakafu ya saruji, hana pa kwenda.

Halafu kuna tumbo. Utafiti juu ya chatu wa Asia, uliofanywa na Stephen Secor na Jared Diamond miaka ya 1990, ulionyesha mambo ambayo hayana mfano kwa wanyama tunaowafuga nyumbani. Chatu akiwa na njaa, utumbo wake husinyaa na karibu kuzimika. Akimeza mnyama, viungo vyote huamka: utumbo huongezeka uzito kwa kasi, na matumizi ya oksijeni hupanda kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha farasi anayekimbia mbio. Mwaka 2005 kundi jingine la watafiti likaripoti kwamba hata moyo wake huongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya mlo. Kazi hiyo yote inataka joto. Nyoka wengi wa nchi za joto hufanya vizuri mwili ukiwa na nyuzi karibu 30. Shusha joto hadi 15, na panya aliyemezwa ataoza tumboni kabla ya kumeng'enywa. Gesi hujaa, sumu ya uozo hupenya kwenye damu, na nyoka akibahatika hutapika kila kitu. Asipobahatika hufa.

Kwa hiyo nyoka anayegeuza kichwa mbele ya panya mwezi wa Julai anajilinda. Tumbo lake limepima hali kabla ya mwenye nyumba kupima.

Wala njaa yenyewe haimtishi kama inavyomtisha binadamu. Mwaka 2007 Marshall McCue wa Marekani alieleza matokeo ya kuwanyima chakula nyoka wa aina tatu, mmoja wao akiwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, kwa karibu miezi sita. Baadhi yao walipunguza matumizi ya nguvu za mwili kwa hadi asilimia 72, na jambo la kushangaza zaidi, waliendelea kurefuka. Chatu huyo mdogo, anayesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda kwenye nyumba za Ulaya na Amerika, ana sifa duniani kote ya kugoma kula. Wamiliki wake wapya hupatwa na hofu, humsukumia chakula mdomoni, humshika kila saa kumkagua, na hofu yao humzidishia yeye mgomo.

Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana na nchi zilizoandika vitabu vya ufugaji. Huko Narcisse, katika jimbo la Manitoba, Kanada, makumi ya maelfu ya nyoka hujikusanya kila vuli ndani ya mapango ya mawe ya chokaa, chini ya kiwango cha barafu, wakalala miezi mingi hadi majira ya kuchipua. Siku zinapofupika na usiku kupoa, nyoka hao hupata onyo mapema. Huacha kula, humaliza kilichomo tumboni, kisha huingia shimoni wakiwa watupu. Baridi yao ni kali na ya kudumu, kwa hiyo mwili huzima karibu kila kitu na mafuta hutumika kidogo sana. Vitabu vya Ulaya na Amerika vimejaa maelekezo ya kuiga jambo hilo: punguza taa, shusha joto, acha nyoka apumzike miezi miwili au mitatu, kisha mpashe moto ili azae.

Nairobi haina onyo hilo. Mchana wa Julai na mchana wa Januari vinakaribiana sana urefu, saa 12 na dakika chache. Kinachobadilika ni wingu. Upepo wa kusi huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, miinuko huupandisha, na jua hufungwa nyuma ya pazia kwa majuma. Matokeo yake ni baridi ya katikati, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nyuzi 16 au 18 ni chache mno kwa kumeng'enya mlo, na ni nyingi mno kwa mwili kuzima kabisa. Nyoka hukaa macho nusu, akila akiba yake mwenyewe bila kupata nafasi ya kuirudisha. Anayefuata kitabu cha Ulaya na kusema "amelala, mwache," anamwacha mnyama anayekonda. Anayefuata ushauri wa mtu wa Mombasa na kumlisha kama kawaida anamjaza uozo. Mji huu ulihitaji maarifa yake wenyewe.

Maarifa hayo yangeweza kusomwa mlimani, si mbali. Kwenye nyasi za juu za Aberdare na Mlima Kenya, kati ya mita 2,700 na 3,800, anaishi kifutu mdogo ambaye Kenya peke yake ndiyo iliyobarikiwa kuwa naye. Alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 1910 na kupewa jina la Sidney Hinde, daktari na afisa wa kikoloni aliyekusanya viumbe katika nchi ya Wakikuyu. Huko juu usiku maji huganda. Mchana jua likitoka huchoma. Kifutu huyu hajui majira ya baridi ya miezi mitatu. Anayo moja kila usiku. Hujificha chini ya mashina ya nyasi jioni, akakakamaa, na hutoka jua linapopasha majani, akawinda vinyonga, mijusi na vyura wadogo kwa saa hizo chache kabla ya ukungu kurudi. Ni mnyama wa ajabu, na anafaa kujulikana na kila mtoto wa Nyeri na Nanyuki kama anavyojulikana simba.

Si kila mgomo wa chakula unatokana na hewa, hata hivyo, na Wakenya walifundishwa hilo na chatu mmoja maarufu. Katika Nyakach, karibu na Ziwa Victoria, Waluo wamemheshimu kwa muda mrefu chatu wanayemwita Omieri, ambaye kuonekana kwake hutafsiriwa kuwa dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri aliungua vibaya kwa moto. Akaletwa Nairobi kutibiwa, nchi nzima ikafuatilia habari zake magazetini, na akafa kwa majeraha yake. Mwaka 2003 chatu mwingine akatokea Nyakach na wanakijiji wakamtambua kuwa Omieri amerudi. Huyo alikuwa amejiviringisha juu ya mayai.

Chatu jike anayelalia mayai hali. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, baada ya miaka ya kufuatilia chatu wa kusini mwa Afrika kwa vifaa vya redio, alichapisha mwaka 2018 maelezo ambayo yangewafurahisha wazee wa Nyakach. Jike hubadilika rangi akawa karibu mweusi ili anyonye jua upesi. Huota mdomoni mwa shimo hadi mwili upate moto mkali, kisha huingia na kuyakumbatia mayai, akiyapa joto alilolibeba. Baada ya kuanguliwa, watoto hurudi kulala katikati ya mikunjo ya mama kwa majuma mawili hivi. Muda wote huo, tangu kutunga mayai hadi watoto kutawanyika, zaidi ya nusu mwaka, mama hagusi chakula, na hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Madume nao husahau kula wakati wa kutafuta majike. Mtunzaji asiyejua haya atampima jike wake kwa homa ambayo hana.

Basi mtu anayewajua nyoka husomaje hali? Huanza na macho. Yakiwa na ukungu wa buluu, nyoka anakaribia kujivua gamba na hatakula hadi amalize. Kisha mgongo: nyoka mwenye afya aliyefunga kula miezi miwili bado ni mviringo, lakini mgonjwa huonyesha uti uliosimama na ngozi iliyolegea mbavuni. Kisha pumzi. Nyoka anayeinua kichwa na kuachama, mwenye mapovu puani au sauti ya kukwaruza anapopumua, ameshikwa na mapafu, maradhi ambayo baridi yenye unyevu huyaleta kwa urahisi. Kisha fizi, ambazo hazipaswi kuwa na usaha. Mzani hutumika kila juma na uzito huandikwa. Halafu ndipo joto hurekebishwa: upande mmoja wa tangi nyuzi 30 au 32, upande wa pili baridi zaidi, na maficho pande zote mbili ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Panya hutolewa baada ya siku kadhaa za joto hilo, naye awe vuguvugu, kwa kuwa chatu huona joto la windo kwa vishimo vilivyo kwenye midomo yake. Akikataa, huachwa. Hakuna kulazimisha.

Joto hilo la tangi linatoka kwenye stima, na stima ina historia yake. Tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya yote iliingia gizani kwa saa nyingi, hadi uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukaathirika. Agosti bado ni msimu wa baridi. Kila mahali palipo na wanyama wanaotegemea balbu, usiku kama ule ni wa blanketi kuzungushwa kwenye vioo na chupa za maji moto.

Wengine waliiacha baridi na kufuata joto. Jonathan Leakey, kijana aliyevumbua mabaki maarufu ya binadamu wa kale kule Olduvai mwaka 1960, aliachana na mifupa, akahamia Ziwa Baringo, bondeni kwenye jua kali, akafuga nyoka na kuuza sumu yao kwa watengenezaji wa dawa. James Ashe, aliyewahi kusimamia idara ya nyoka na vyura katika makumbusho ya Nairobi na ambaye mwaka 1968 alimwelezea kwa mara ya kwanza kifutu wa vichakani wa Mlima Kenya, alianzisha na mkewe Sanda kituo cha Bio-Ken, Watamu, mwaka 1980. Pwani haina shida ya Julai. Hapo Watamu ndipo mwaka 2004 fira mmoja mkubwa atemaye mate alipokamuliwa mililita 6.2 za sumu kwa mara moja. Miaka mitatu baadaye wanasayansi walithibitisha kwamba fira wa aina hiyo ni spishi yake peke yake, wakampa jina Naja ashei kwa heshima ya Ashe, aliyefariki mwaka 2004 bila kuliona jina hilo likichapishwa.

Sumu ndiyo inayoufanya mlo wa nyoka kuwa jambo la hospitali. Nyoka asiyekula hudhoofika, na nyoka dhaifu hakamuliwi. Bila sumu hakuna dawa ya kuumwa. Juni 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya maradhi yaliyosahauliwa ya nchi za joto, na Kenya ikaanza kujenga uwezo wake yenyewe. Katika taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, kilomita chache kutoka Kibera, kuna kituo cha Kenya cha utafiti wa kuumwa na nyoka, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool. Nyoka wa kituo hicho wanaishi chini ya wingu lile lile linalofunika Nyayo Highrise, na afya yao inamhusu mchungaji wa Baringo na mkulima wa Kitui kuliko wanavyofahamu.

Kwa mkazi wa kawaida sheria iko wazi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mnyamapori hafugwi bila kibali, na nyoka ni mnyamapori. Kumwokota nyoka mtaroni na kumtia kwenye boksi la viatu ghorofa ya nne ni kosa, na kwa mnyama mwenyewe ni hukumu: atafika Julai hana jua, hana pa kuchagua, na hatakula.

Nyoka atakayeonekana karibu na bwawa au kwenye ngazi za Nyayo Highrise mwezi huo huenda akawa amelala bila kujongea, ametafuta ukuta uliobaki na joto kidogo. Asiguswe kwa mkono hata akionekana amekufa, kwa sababu kifutu aliyepoa bado anaweza kuuma. Asipigwe mawe pia. Watoto waondolewe, mtu mmoja abaki kwa mbali akimtazama asipotee machoni, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo makao yake makuu yako hapo hapo Lang'ata Road, lipigiwe simu.